Klabu za akina mama Uganda: tusiishie kugawa, twende nao hadi ofisini

MamaMpakani (mleta uzi)

Salaam wana jukwaa. Nipo Busia upande wa Uganda, na ni mwanachama wa klabu ya akina mama wa kujitolea hapa mjini. Hatuko wengi. Tuna wakunga, walimu, mafundi cherehani, dada mmoja wakala wa forodha, mama aliyestaafu benki, na wenzetu wa sokoni. Naomba tujadili jambo ninalolibeba moyoni muda mrefu: klabu ndogo kama hizi zinaweza kumfanyia nini mwanamke ambacho serikali na mashirika makubwa hayamfanyii?

Jibu langu nalitoa mapema ili anayepinga apinge. Uganda hatuna njaa ya sheria. Ibara ya 33 ya Katiba ya 1995 inampa mwanamke heshima na haki sawa na mwanaume. Sheria ya unyanyasaji wa majumbani ipo tangu 2010. Elimu ya msingi ya bure ilianza 1997, ya sekondari 2007. Mikopo ya vikundi vya wanawake isiyo na riba ipo tangu 2016. Mambo haya yamepiganiwa na watu, yameandikwa, yamepigwa muhuri. Lakini mama wa kijijini akifika kwenye ile meza yenye muhuri, yuko peke yake. Anaambiwa njoo kesho, au anaulizwa karatasi ambayo hajawahi kuisikia, anageuka anarudi nyumbani. Hapo ndipo klabu ina kazi. Kwenda naye.

Nianze na wasichana. Shule zilifungwa Machi 2020, na ukiacha madarasa machache yaliyoitwa katikati, hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Mnakumbuka mabinti wangapi walirudi na mtoto mgongoni, au hawakurudi kabisa. Na wala si korona peke yake. Tafiti za kitaifa za afya ya jamii za 2011, 2016 na 2022 zote zimekuta kitu kilekile: karibu msichana mmoja katika kila wanne wa miaka 15 hadi 19 ameshashika mimba. Miaka kumi na zaidi namba imegoma kushuka.

Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mwaka 2020: binti aliyepata mimba anakwenda likizo mimba ikifika miezi mitatu, na anarudi shule mtoto akishatimiza miezi sita. Wengi hawaujui. Baadhi ya wakuu wa shule wanaujua na wanaukalia.

Tulimsindikiza binti mmoja kwa mwalimu mkuu. Tulikwenda na mama yake na mwalimu mstaafu wa klabu yetu. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akatuambia kwa upole kwamba wazazi wengine watalalamika, eti binti atawaharibu wenzake. Mama wa mtoto akainama, nikajua angekuwa peke yake angeaga pale pale. Mstaafu wetu hakubishana. Alitoa mwongozo alioutoa chapa, ukurasa umekunjwa kona, akamwomba mwalimu mkuu wausome pamoja. Walipomaliza akauliza, "Sasa mwalimu, mtoto atanyonya saa ngapi?" Kikao kikahama hapo hapo. Hawakuzungumza tena kama binti atarudi, walizungumza atarudi vipi: bibi atamleta mtoto saa ya mapumziko, atakaa kwenye kibanda cha mama anayeuza maandazi karibu na geti, binti atatoka kwa ruhusa na kurudi darasani. Nusu saa ikatosha.

Kwenye mfuko tuligharimika nauli ya boda boda na karatasi. Kilichofanya kazi ni kwamba mama yule hakuingia ofisini peke yake.

Karibuni tuchangie.

---

KijanaWaWalukuba

Dada, nakuheshimu, ila niseme tunavyoziona sisi huku Jinja. Klabu hizi ni za wake za wakubwa. Wanakuja na fulana zinazofanana, wanagawa pedi na sabuni, wanapiga picha na watoto, wanaondoka. Mwaka unaofuata shule nyingine. Huko kwenu labda ni tofauti.

---

MamaMpakani

Umesema kweli, na umeisema bila kumtukana mtu, asante. Picha zile hata mimi zinaniuma. Mtoto anashikishwa paketi ya pedi mbele ya kamera, wavulana wa darasa lake wanatazama. Mambo yake ya siri yamekuwa bango.

Ila tusitupe mbegu pamoja na maganda. Harakati hizi zina historia ndefu kuliko fulana. Chama cha wanawake cha Zonta kilianza Buffalo, Marekani, mwaka 1919. Soroptimist ikaanza Oakland, California, 1921. Inner Wheel ikaanza Manchester 1924, wake za wanachama wa Rotary walioamua kufanya kazi yao wenyewe. Rotary yenyewe ilikuja kuwafungulia wanawake uanachama duniani kote mwaka 1989 tu. Kwa hiyo wanawake waliunda vyama vyao kwa sababu milango ya wengine ilikuwa imefungwa. Soroptimist walichagua tangu mwanzo kukusanya wanawake wa fani mbalimbali, na hilo ndilo ningependa tulishike: kila mmoja aje na ujuzi wake mezani.

Na kwetu hapa hatukuletewa kila kitu kutoka ng'ambo. Baraza la Wanawake la Uganda lilianzishwa 1947, likawakutanisha Waafrika, Wahindi na Wazungu chumba kimoja wakati nchi ingali koloni, na likaja kusimama kidete kuhusu sheria za ndoa na mirathi. Pumla Kisosonkole, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeolewa Uganda, aliliongoza, kisha mwaka 1959 akawa rais wa Baraza la Kimataifa la Wanawake. FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, kipo tangu 1974. Mama zetu hawa hawakuishia kugawa sabuni.

---

MwalimuTororo

Niongezee kwenye pedi, maana ni jambo ninaloliona kila muhula. Kwenye kampeni za uchaguzi wa 2016 wasichana wa shule waliahidiwa pedi za bure. Mwaka 2017 Bunge likaambiwa bajeti haina pesa hiyo. Tangu hapo shule nyingi zinategemea wafadhili, na mfadhili akichoka, mtoto anabaki nyumbani zile siku.

Shuleni kwetu akina mama wa klabu moja walikuja na cherehani badala ya maboksi. Wakawafundisha wasichana, na wavulana waliotaka, kushona pedi za kufua. Flaneli juu kwa sababu ni laini, taulo la pamba katikati la kunyonya, kitambaa kisichopitisha maji chini, na mabawa mawili yenye vifungo vya kubana kwenye nguo ya ndani. Nilishangaa kijana mmoja wa darasa la saba alivyokata kitambaa sawasawa kuliko wote.

Tatizo likaja baadaye, na hakuna aliyelitegemea. Pedi zilikuwepo, lakini wasichana wakaanza kulalamika kuwashwa. Mkunga wa ile klabu alirudi kuuliza, na alipowakalisha peke yao ndipo wakasema: wanazifua usiku na kuzianika chini ya godoro, kwa sababu nyumbani haifai zionekane kwenye kamba. Haziwahi kukauka. Zinavaliwa na unyevu.

Basi klabu ikaacha kushona kidogo, ikawatafuta akina bibi na masenga, yaani mashangazi. Kwetu senga ndiye anayemwambia binti mambo ya mwili, mama mzazi hagusi hapo. Masenga wakakubaliana: pedi zianikwe kwenye kamba juani, zifunikwe na leso nyepesi ikiwa mtu anaona haya. Sasa ukipita kijijini unaona leso zimetandazwa juu ya kamba, na kila mwanamke anajua chini yake kuna nini.

Nimeandika haya kwa sababu mleta uzi anasema kwenda nao. Wale akina mama wasingerudi kuuliza, wangeandika kwenye ripoti yao kwamba wasichana wana pedi, na wangekuwa wamesema kweli, huku watoto wanaumia.

---

MamaMpakani

Mwalimu, umenigusa. Kurudi kuuliza ni kazi, na haina picha. Hilo la masenga tunalichukua.

---

BintiWaBombo

Asalaam aleikum. Mimi nina swali la kweli, si mjadala. Shangazi yangu kafiwa na mume. Ndugu wa marehemu wamekuja na wazee, wanasema nyumba ni ya ukoo, arudi kwao. Wana watoto watatu. Sheria inasema nini na aanzie wapi? Hana pesa ya wakili.

---

MamaMpakani

Waaleikum salaam mdogo wangu. Poleni na msiba, Mungu amrehemu.

Kwanza asitoke kwenye nyumba. Nasema hili kabla ya mengine yote. Sheria ya mirathi ilirekebishwa mwaka 2022. Inamlinda mjane kwenye nyumba waliyokuwa wakiishi na mumewe, na kumfukuza ni kosa la jinai. Marehemu akifa bila wosia, mgawo wa mali iliyobaki ni asilimia 75 kwa watoto, 20 kwa mjane, 4 kwa ndugu waliokuwa wakimtegemea, na 1 kwa mrithi wa kimila. Zamani mjane alikuwa na 15. Nyinyi ni Waislamu, kwa hiyo kaeni na sheikh mnayemwamini pia muone familia inataka kugawa kwa njia ipi, lakini nyumba asiiachie wakati mnajadiliana.

Pili, akusanye karatasi sasa hivi, kabla hazijapotea. Cheti cha ndoa au barua ya msikiti. Vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi za kiwanja. Cheti cha kifo kinatoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, inayowatambua yeye na watoto. Apige nakala, na nakala zikae kwa mtu mwingine asiyeishi humo ndani.

Tatu, aende ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi ya serikali. Awaulize kuhusu barua yao ya kutokuwa na pingamizi kabla ya kuomba mahakamani idhini ya kusimamia mirathi. Msaada wa sheria bila malipo unapatikana FIDA. Kutoka Bombo hadi Kampala si mbali, mpeleke mwenyewe. Usimwache apande taksi peke yake na bahasha mkononi akafike pale na kuulizwa maswali na watu wanne. Umri wako na macho yako ndiyo anayoyahitaji siku hiyo: wewe uandike jina la kila mtu aliyewahudumia, tarehe, na alichosema.

Nawaambia na wengine wanaosoma: hayo yote yanategemea ndoa inayotambulika. Wanawake wengi sana Uganda wanaishi na mume miaka ishirini bila ndoa ya aina yoyote, na akifa hawana jina kwenye sheria. Kama mahari ilitolewa, nendeni gombolola, ile ofisi ya serikali ya kata, mkaisajili ndoa ya kimila mkiwa wote wawili hai. Klabu yetu imeanza kuwasindikiza wanandoa kufanya hivyo. Waume wengi hawakatai, hawakuwahi kuambiwa tu.

---

BintiWaBombo

Jazakallah dada. Nimemtumia sasa hivi. Kesho nakwenda kwake tuanze na vyeti vya watoto.

---

MzeeWaMalaba

Mimi ni mzee, nitasema wazi. Wanawake wakikaa vikao wanafundishana kiburi. Ndoa zinavunjika. Na watoto wa kiume je? Hakuna klabu yao, ndio wamejaa kwenye vijiwe wanavuta.

---

MamaMpakani

Mzee wangu, shikamoo. La watoto wa kiume nakubaliana nawe moja kwa moja, wanahitaji watu wazima wa kuwashika mkono, na ningefurahi kuona wanaume wa Malaba wakiunda chama kwa ajili yao. Tutawaazima ukumbi.

La ndoa nina maoni tofauti. Hapo jirani Tororo kuna shirika la MIFUMI lililopeleka suala la mahari mahakamani. Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikufutwa, wazee bado wanapokea ng'ombe wao. Kilichoondolewa ni lile la mwanamke kubaki kwenye nyumba ya kipigo kwa sababu baba yake alishauza ng'ombe na hana wa kurudisha. Ndoa ya namna hiyo, mzee, haikuvunjwa na vikao vya wanawake.

Na kuna jambo tunalokuhitaji wewe hasa, kwa ndevu zako nyeupe. Binti wa chini ya miaka 18 akipewa mimba, kisheria ni jinai. Vijijini kwetu inamalizwa chini ya mwembe, mbuzi wawili na maneno matamu, binti anahamishiwa kwa mwanaume. Sisi wanawake tukisema hapana tunaitwa wenye kiburi. Mzee akisema hapana, kikao kinasimama. Simu ya kuripoti unyanyasaji wa mtoto ni 116, bure. Fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari nayo ni bure, anayeidai pesa anawaibia. Mkunga wetu akisikia kesi humkimbilia binti kabla hajaoga, kwa sababu ushahidi unaoshwa na maji. Lakini mara nyingi tunaambiwa wazee wameshakaa.

---

MzeeWaMalaba

Hilo la mbuzi nimeliona kwa macho. Sikulipenda. Nitasema kwenye kikao cha LC.

---

DadaWaSoko

Jamani msisahau sisi wa mpakani. Navusha nyanya na maharage. Miaka yote nilipita njia za panya kwa sababu niliambiwa pale geti kubwa ni kwa malori. Njia za panya unalipa kijana wa kukubebea, unalipa anayekusimamisha, na kuna siku unadaiwa kitu kisicho pesa. Wanawake wenzangu wanajua ninachosema.

Yule dada wa forodha wa klabu ya mleta uzi ndiye aliyenitoa huko. Alikuja sokoni asubuhi, akakaa kwenye gunia langu, akaniambia bidhaa zilizolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikiwa kwenye orodha na thamani isiyozidi dola 2,000, zinavuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa na hazitozwi ushuru wa forodha. Mzigo wangu haufiki hata robo ya hiyo. Nikamwambia mimi fomu za Kiingereza siwezi. Akasema twende.

Tulikwenda naye kituo cha pamoja, kile kilichozinduliwa Februari 2018, ambapo maofisa wa Uganda na Kenya wanakaa jengo moja. Akanionyesha dirisha la kwanza, la pili, wapi wanakagua mimea. Mara ya kwanza alijaza yeye nikitazama. Mara ya pili nilijaza, yeye akitazama. Mara ya tatu alisimama nje barabarani, nikaingia mwenyewe. Sasa mimi ndiye ninayewapeleka wengine. Bado kuna foleni, na wapo maofisa wenye midomo, ila natembea na karatasi yangu mkononi mchana kweupe.

---

MamaMpakani

Dada, hiyo ya mara ya tatu kusimama nje ndiyo tunayojaribu kuwafundisha wanachama wapya. Mtu akizoea kubebwa hatutakuwa tumemsaidia.

---

AruaKwetu

Nimesoma uzi wote. Huku Arua tuko wanawake kama kumi na tano, tuna nigiina yetu, tunapeana pesa kwa zamu kila wiki, na sanduku la akiba lenye kufuli tatu. Tunataka kufanya kitu zaidi ya pesa. Tuanzie wapi? Tuanze na mkopo wa serikali?

---

MamaMpakani

Nigiina yenu msiiguse, ndiyo msingi. Mtu mliyemwachia ufunguo wa sanduku mnaweza kumwachia na siri ya binti yake.

Mikopo ipo. Ule wa vikundi vya wanawake wa tangu 2016, na PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya muluka (parokia), ulioanza 2022, shilingi milioni 100 kwa kila muluka, asilimia 30 ikiwa ya wanawake. Chukueni mkiwa na biashara inayozunguka tayari. Kikundi kinachoundwa ili kipate mkopo huvunjika mkopo ukishaingia, nimeviona vikivunjika hapa Busia na urafiki wa miaka ukaenda navyo.

Mimi ningeanza na afya, kwa sababu hapo matokeo yanaonekana upesi na hata waume hawapingi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda, na ndiyo ambayo ikiwahiwa inatibika. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, inatolewa bure nchi nzima tangu mwishoni mwa 2015 kwa wasichana wa miaka 10. Binti aliye nje ya shule ndiye anayekosa, mtafuteni huyo nyumba kwa nyumba. Kwa wakubwa kuna kipimo cha siki. Muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, sehemu yenye matatizo inageuka nyeupe. Jibu unapewa kabla hujavaa viatu. Wanawake wanaogopa neno saratani na wanaogopa kulala kwenye kile kitanda. Nendeni kumi na tano wote siku moja, nyinyi viongozi mpimwe kwanza, wenzenu wawaone mkitoka.

Nitumie ujumbe wa faragha unitajie kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Kabla hamjakwenda, wakunga wetu watakuandikia maswali ya kumuuliza mkuu wa kituo: wanapima siku gani, siki na glavu zipo, na mwanamke akikutwa na tatizo anapelekwa wapi na nani analipa nauli. Hilo la mwisho ulizeni kwa mkazo, na mtenge pesa ya nauli kutoka kwenye sanduku kabla ya siku yenyewe.

---

AruaKwetu

Nimekutumia. Jumapili tunakutana, nitaliweka la nauli mbele yao kwanza.